Mrija wa Kukhu

Wiki iliyopita nililetewa mzigo kutoka Busiu. Jiko la Kukhu, bibi yangu mzaa mama, limebomolewa ili pajengwe duka, na binamu yangu akaona si vema kutupa kila kitu. Akafunga kwa katani mwanzi mmoja mrefu, mnene, ule unaoota juu mlimani, akamkabidhi kondakta wa basi. Ulipofika kwangu Jinja nilidhani ni fimbo. Nikauinamisha, ukatoka mrija.

Nikaunusa. Ulikuwa na harufu ya moshi na ulezi uliochacha, miaka yote hiyo. Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu, nimefanya kazi ya uuguzi mpaka nikastaafishwa, lakini siku hiyo nilikaa chini sakafuni kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni.

Ninyi wa rika langu mnaikumbuka mirija ile. Chungu cha malwa, pombe ya ulezi, katikati, wazee wamekizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu kuliko mtoto, ncha yake imesukwa kichujio ili pumba za ulezi zisipite. Mrija wa mtu mzima haukuwa kitu cha kuchezea. Wa Kukhu ulikaa ndani ya mwanzi wake, juu, umechomekwa kwenye nyasi za paa la jiko, na sisi watoto tulikatazwa hata kuunyooshea kidole. Mimi niliuiba.

Sisi hatukuwa watu wa Busiu. Baba alikuwa Msoga, seremala katika karakana ya Kalasinga mmoja hapa Jinja, na tulikuwa tumepanga chumba Mpumudde. Mama alikuwa Mgisu. Walikutana kila mmoja na lugha yake, wakakubaliana katika Kiswahili cha mjini, kile cha kukata kona, na ndicho nilichonyonya. Asubuhi baba alikuwa akinipakia nyuma ya baiskeli yake nyeusi, tunashuka mpaka barabara kubwa, ananishusha, mimi narudi kwa miguu nikinusa mikono yangu iliyoshika koti lake. Lilinuka mvule na gundi. Hakuna aliyeendesha baiskeli kwa maringo kama baba. Aliweza kuachia usukani, akawasha sigara, na kengele akaipiga kwa kiwiko.

Halafu kikaja kifua. Kwanza tulisema ni vumbi la mbao, maana vumbi la mbao lilikuwa mali yetu, tulilizoea. Siku alipokohoa damu kwenye leso, mama aliikunja ile leso mara nne, mara tano, mpaka ikawa ndogo kama karanga, kana kwamba ikiwa ndogo na ugonjwa utakuwa mdogo. Hospitalini wakasema ni kifua kikuu. Akalazwa majuma kadhaa, akaanzishiwa dawa, na wakamweleza kwamba dawa zenyewe ni za miezi mingi. Mwenye nyumba naye akatueleza, kwa upole wote, kwamba wapangaji wengine wanaogopa. Mama akaomba barua ya kumhamishia baba kwenye hospitali ya Mbale, tukaenda Busiu kwao, ambako angalau chakula hakinunuliwi.

Hapo ndipo penye kisa. Msoga hakai kwa mama mkwe wake. Haketi alipoketi mkwe, hali naye pamoja, hashiki alichoshika, na wakikutana njiani mmoja wao lazima aingie vichakani. Upande wa mama nao walikuwa na makatazo hayo hayo, wakayaita kwa jina lao. Anayeyavunja hushikwa na obuko. Mikono hutetemeka, kichwa huzunguka, miguu husahau ardhi ilipo. Nilishamwona mzee mmoja kule Bugembe aliyekuwa akimwaga chai yote kabla kikombe hakijafika mdomoni, na watu walipunguza sauti walipompita. Obuko, walisema, alimwona mkwe wake akioga.

Kwa hiyo baba hakulala kwa Kukhu. Alipewa chumba kwa mjomba Magombe, kaka yake mama, karibu na maduka, na mimi ndiye niliyekuwa barabara kati ya nyumba mbili. Nilipeleka chakula cha baba. Na Kukhu alipotaka kwenda sokoni, mimi nilikimbia mbele nikipiga kelele, "Kukhu anapita! Kukhu anapita!" ili baba afunge mlango. Nilikuwa na umri wa miaka saba na sijawahi tena kupewa cheo kikubwa hivyo.

Siku za sindano baba aliendesha baiskeli mpaka Mbale, na kama nilikuwa sina kazi alinipakia. Mimi nilibaki nje nikiishika baiskeli. Aliingia, alizungumza na musawo, yaani daktari, alitoka akijisugua tako, tukarudi. Sindano haikunitia wasiwasi. Adui yangu ilikuwa ile dawa nyingine, unga mweupe wa kukoroga na maji, kikombe kizima, kila siku, mara kadhaa. Sijui niwaeleze vipi harufu yake. Baba alikuwa akiangalia kikombe kile kwa muda mrefu kama mtu anayesubiri kuitwa mahakamani. Kisha anakunywa kwa mkupuo, anaziba mdomo kwa kiganja, macho yanamtoka, na mara nyingi vyote vinarudi: dawa, matoke, na uji wa asubuhi. Tumbo likamwendesha. Nyama iliyokuwa imebaki mwilini baada ya ugonjwa ikaliwa na dawa. Nilikuwa nakaa mlangoni na beseni, nikingojea kulimwaga, na nilimchukia musawo nisiyemjua kwa kumpa baba yangu sumu.

"Dawa hii yeye inagomba na ulimi," baba alisema siku moja, akijaribu kucheka. "Kama ingeweza kupita bila ulimi kujua, mambo ingekuwa sawa."

Mtoto huyasikia maneno jinsi yalivyo. Kupita bila ulimi kujua! Si nilikuwa nimemwona Kukhu akiweka mrija ndani kabisa ya mdomo, pembeni, nyuma ya meno, akivuta malwa huku akiendelea kusimulia? Mchana ule Kukhu alipokwenda shambani nilipanda juu ya kinu, nikachomoa mwanzi, nikatoa mrija, nikapita nao migombani nimeuficha ubavuni. Ulikuwa mrefu kunizidi, ukawa unanichungulia juu ya kichwa.

Baba alikuwa amelala kwenye mkeka. Nikaweka kikombe chini, nikatumbukiza ncha ya mrija, nikampa upande wa pili. Hakuhitaji hata kuinua kichwa.

"Hii mrija ya nani?" akauliza.

"Ya mjomba," nikasema.

Akavuta taratibu. Akafumba macho. Tukangojea sote wawili, mimi na beseni langu. Dawa haikurudi. Jioni alikula matoke na yakakaa. Akanishika kichwa akasema, "Mama, wewe ndiyo musawo." Kwa sababu ya maneno hayo nilirudia kesho yake, na kesho kutwa, siku nne mfululizo, nikiurudisha mrija kila mara kabla Kukhu hajaosha jembe. Sikumbuki furaha nyingine ya utoto iliyofanana na ile.

Siku ya tano Kukhu hakwenda shambani, na njia ikafungwa. Beseni likarudi kazini.

Haukupita mwezi baba akaanza kusema kuna nzige kichwani mwake. "Wanaimba tu," alisema, "hawalali." Mimi nilimwangalia masikioni nisione kitu. Kisha akawa anatembea kama mtu aliyesimama ndani ya mtumbwi, miguu ameitanua, mkono unatafuta ukuta. Jua likizama ndiyo hawezi kabisa, hata chooni mama alimshika. Tukitoka Mbale siku moja, barabara imenyooka, hakuna gari, hakuna jiwe, baiskeli ikayumba ikaingia mtaroni nasi juu yake. Aliinuka akapanda tena, akaanguka tena. Mara ya tatu hakupanda. Tulitembea mpaka Busiu, yeye akiisukuma na kuiegemea, na wala hakunitazama njia nzima. Usiniulize nililia kwa ajili ya goti au kwa ajili yake.

Mjomba Magombe alimwona akiingia uani, akaona na kikombe cha maji kinavyocheza mkononi mwake. Alikuwa mtu mwema, mwenye sauti ya kuhutubia hata akiomba chumvi. Akamwita mama pembeni, pembeni yake ikiwa katikati ya ua.

"Dada, hii siyo kifua. Hii ni obuko."

"Ni dawa, au ni udhaifu tu," mama akasema. "Mtu hali chakula."

"Udhaifu inatetemesha mkono? Mimi nauliza nyinyi: nani amekosea? Nani amepitisha kitu ya mama kwenda kwa huyu bwana?"

Hakunitazama. Hakuna aliyenitazama. Nani anamshuku beseni? Lakini mimi niliona mrija, niliona mdomo wa Kukhu na mdomo wa baba, na mate ya mmoja juu ya mate ya mwingine, siku nne, na uongo wangu juu yake. Nilikuwa nimemlisha baba yangu obuko kwa mkono wangu, na yeye akanisifu.

Nilikaa na siri hiyo siku tatu. Sikula. Mwishowe nilimfuata Kukhu migombani alipokuwa akikata majani ya kufunikia chakula, nikapiga magoti, nikasema yote. Kisu kilisimama hewani. Aliketi juu ya gogo akanitazama muda mrefu, na nilitamani anipige ili yaishe.

"Mwana," akasema, "umenivua nguo mbele ya mkwe wangu." Halafu akanivuta kifuani, akaniambia nisiseme neno hilo kwa kiumbe chochote. Jioni aliwaambia wanawe kwamba kosa ni lake. Alipita barabarani bila kuita, akasema, wakaonana uso kwa uso. Mwanamke yule, aliyeogopa aibu kuliko njaa, alijitwika aibu yangu mbele ya watoto wake, na sikufungua mdomo.

Likafanywa la kufanywa. Akaja mzee wa ukoo na kuku na majani. Baba akasimamishwa ndani ya kizingiti na Kukhu nje, nyuso zimegeuzwa, wakaoshwa mikono kwa maji yale yale. Mzee akaagiza kwamba kwa siku saba baba asivuke barabara, na asitie kinywani kitu ambacho hakikupikwa kwenye jiko la mjomba. Maana yake hakuna Mbale, hakuna sindano, hakuna unga. Mama alikuwa amesimama na kadi ya hospitali mkononi.

"Musawo alisema asikose hata siku moja," akasema.

"Musawo anajua kifua," mjomba akajibu. "Obuko haijui."

Mama akamgeukia baba. Baba akatazama kadi, akatazama chini. "Tungoje hizo siku saba," akasema.

Na akapona! Nawaambia nilivyoona. Siku ya tatu hakutapika. Siku ya tano aliomba kuongezewa. Alikula matoke, akala kunde, akala na malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani, na karanga juu yake, na vyote vikakaa. Mashavu yakarudi. Akatuchongea mwiko. Kuyumba kulibaki kidogo, na nzige walikuwepo, lakini nani anahesabu nzige mtu anapocheka? Siku saba zikawa kumi na nne, zikawa mwezi. Kila mama alipoitaja Mbale, baba alisema, "Kesho kutwa." Mimi nilizunguka uani nikiruka kamba. Nilikuwa nimekiri, na kwa kukiri kwangu baba alikuwa anakula.

Damu ilirudi asubuhi moja alipokuwa akifunga kamba za viatu. Haikuwa ya kukunja ndani ya leso.

Alipelekwa Mbale kwa lori la mahindi. Mama alituambia baadaye kwamba musawo hakumgombeza, alivua miwani tu, akaandika mwanzo kabisa wa ukurasa mpya. Sindano zikaanza upya, kila siku ya Mungu, na unga upya, na safari hii kitandani. Tulipokwenda kumwona, alikuwa amelazwa kwenye baraza ya wagonjwa wa kifua, penye upepo. Mama alikwenda kumtafuta muuguzi. Tukabaki wawili.

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Ikiwa kumwambia Kukhu kulileta nafuu ya mwezi, basi dawa yenyewe kamili ilikuwa kumwambia mwenyewe. Nikapiga magoti kando ya kitanda, macho yangu kwenye saruji, kama tulivyofunzwa, nikasema. Nikasema mrija haukuwa wa mjomba. Nikasema siku zile nne, kinu, na uongo. Nikasema Kukhu hakukosa, ni mimi. Nikamwomba asife. Nilimaliza, nikangojea, na nilipoinua uso baba alikuwa ananitabasamia.

"Eee, mama," akasema, kwa sauti kubwa mno, hata wagonjwa wengine wakageuka. "Ambia mama yako chumvi ilikuwa kidogo."

Nilidhani hilo ndilo jibu. Nilidhani amesikia yote na ameyaweka kando, kama wakubwa wanavyofanya wakiwa hawajakusamehe lakini hawataki kelele hospitalini. Mama aliporudi akamsemesha, akamsemesha tena, kisha akamshika kidevu na kuupigia kelele uso wake, ndipo nikaelewa. Masikio yalikuwa yamekwenda. Yalikuwa yamekwenda tangu juma lililopita, na mimi nilikuwa nimeyaongelesha. Ujasiri ule sikuupata tena.

Kifua kilipona. Hilo lazima niliseme, maana wengi wa baraza ile hawakurudi makwao. Tulirudi Mpumudde, na Kalasinga akampokea tena, ila akamweka mbali na msumeno, kwenye kupiga msasa. Baiskeli hakuiuza. Aliisukuma kwenda kazini na kuisukuma kurudi, akiiegemea kama mkongojo, na wasiomjua wakadhani ana pancha kila siku. Kengele hakuwa na haja nayo. Mdogo wangu, aliyezaliwa baadaye, aliing'oa akachezea.

Miaka ikapita nikaenda kusomea uuguzi. Siku tuliyofundishwa sindano ile, mwalimu alisema kama jambo la kawaida kwamba huweza kuharibu sikio la ndani, mlio kwanza, kisha kizunguzungu, kisha uziwi, na mkono wa mtu aliyedhoofika hutetemeka. Nikaomba ruhusa nitoke. Nilisimama nyuma ya choo cha wanafunzi nikicheka na kulia. Siyo mate ya Kukhu. Siyo mimi. Nilihesabu siku za kungojea likizo kama mfungwa.

Baba alikuwa ameketi mlangoni nilipofika. Tulikuwa na daftari la kuzungumza naye, yeye anajibu kwa mdomo. Nikaandika kwa herufi kubwa: HAIKUWA OBUKO. ILIKUWA SINDANO. Akasoma, akalisogeza mbali kidogo, akasoma tena.

"Najua," akasema, na mtaa mzima ukasikia. "Musawo aliniambia. Ile siku wewe ulishika baiskeli nje. Alisema, bwana, hii dawa inaweza kuchukua masikio, lakini ukiacha, kifua itakuchukua wewe mzima."

Nikaandika: KWA NINI ULIACHA?

Alijipangusa magotini unga wa msasa ambao haukuwepo.

"Nilichoka, mama. Nilichoka kutapika mbele yako na lile beseni. Wakaleta maneno ya obuko, nikaona hapa naweza kupumzika. Siku saba tu za kula kama mtu. Nikaacha mkwe wangu abebe aibu ya bure mbele ya watoto wake. Kila siku naomba Mungu anisamehe hiyo." Akanitazama. "Ingekuwa si mimi kuacha, pengine ningekuwa nasikia sauti yako. Unayo sauti gani sasa?"

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Ukurasa ulikuwa na nafasi ya kutosha kwa mrija, kwa mjomba, kwa siku nne na kwa magoti yangu kwenye saruji ya Mbale. Ningeandika, angejua kwamba mapumziko yake yale niliyalipia mimi miaka yote, na angeongeza jina langu kwenye maombi yake.

Nikaandika: CHAI IKO TAYARI.

Akasoma, akacheka, akainuka, mkono mmoja ukutani, na tukaingia ndani.